Shaba, Unga na Kwacha: Hesabu ya Nje Huanzia Nyumbani

Mazungumzo Baada ya Habari: Nchi Jirani

Mwezi Desemba 1986 askari wa nchi jirani ya Zambia waliamriwa kuingia mitaani katika miji ya Ukanda wa Shaba. Kitwe, Ndola na miji mingine ya migodi ilikuwa imeingia katika ghasia. Maduka yalivunjwa, mali ikaporwa, na serikali ikapiga marufuku watu kutembea usiku. Utulivu uliporejea, watu wasiopungua 15 walikuwa wamepoteza maisha yao. Hapakuwapo adui aliyevuka mpaka. Kilichowatoa watu majumbani ni bei ya unga wa sembe, iliyopanda ghafla kwa zaidi ya mara mbili. Na bei hiyo ilipanda kwa sababu ya hesabu zilizofanywa Lusaka, katika ofisi za Hazina na Benki Kuu, juu ya malipo baina ya Zambia na nchi za nje.

Mkasa huo unastahili kutazamwa kwa makini na kila mtu mwenye dhamana ya ulinzi na usalama. Askari huitwa mwishoni, wakati jambo lenyewe lilikwisha haribika miaka mingi nyuma, mahali ambapo hapana bunduki wala virungu. Anayefahamu jinsi fedha ya nchi inavyofungamana na biashara yake ya nje, huyo atafahamu pia kwa nini mpaka fulani una magendo na mwingine hauna, na kwa nini mji uliolala salama jana waweza kuamka na fujo leo.

Urari wa malipo ya nje ni daftari lenye pande mbili. Upande mmoja huandikwa fedha zote za kigeni zinazoingia nchini: bei ya shaba, kahawa, pamba au tumbaku iliyouzwa ng'ambo, malipo ya wageni wanaotumia bandari na reli, misaada, mikopo, na mitaji ya wanaokuja kuanzisha miradi. Upande wa pili huandikwa zinazotoka: mafuta, mashine, vipuri, dawa, nauli za meli na bima, riba na marejesho ya madeni. Shehena ya shaba inapopita katika reli ya TAZARA kuelekea bandari ya Dar es Salaam, malipo ya huduma za bandari hiyo huhesabiwa kuwa fedha inayotoka katika daftari la Zambia na inayoingia katika daftari la Tanzania. Zinazotoka zikizidi zinazoingia, pengo lazima lizibwe: ama kwa kuchota akiba ya Benki Kuu, ama kwa kupata mkopo au msaada mpya, ama kwa kuwachelewesha wanaodai.

Je, pengo hilo hutoka wapi? Mara nyingi jibu la kwanza linalotolewa ni bei mbaya katika soko la dunia, na jibu hilo lina ukweli mkubwa. Lakini lipo jibu la pili, ambalo halisemwi kwa sauti kubwa, nalo ni kiasi cha fedha kinachotumiwa ndani ya nchi yenyewe.

Mfano wa bohari ya kikosi waweza kulifafanua jambo hili. Mkuu wa bohari mwenye magunia 300 ya unga akitoa hati 300 za kuchukulia unga, kila mwenye hati atapata gunia lake. Akitoa hati 500, unga hauongezeki hata kwa kibaba kimoja. Hapo litatokea moja kati ya mambo matatu. Ama waliowahi watachukua na waliochelewa watakuta bohari tupu. Ama kila hati itapewa pungufu ya gunia. Ama hati zitaanza kuuzwa mlango wa nyuma kwa bei ya kuruka. Katika nchi, hati ni noti zinazotolewa na Benki Kuu, na sehemu kubwa ya vitu vinavyotafutwa kwa noti hizo hutoka ng'ambo. Noti zikizidi huku thamani ya sarafu imefungwa mahali pamoja, akiba ya fedha za kigeni hukauka na bidhaa huadimika. Thamani ikiachiwa ielee, sarafu hushuka. Na serikali ikijaribu kuzuia yote mawili kwa amri, ulanguzi na magendo hushamiri.

Noti hizo za ziada hutoka wapi? Hapa ndipo Hazina na Benki Kuu zinapokutana. Serikali inapotumia kuliko inavyokusanya, ina njia tatu za kuziba nakisi yake. Kwanza, yaweza kukopa kwa wananchi na mabenki kwa kuuza hati za dhamana. Fedha hizo zilikuwa tayari mikononi mwa watu. Wanapoikopesha serikali, wao wenyewe hujibana, na riba hupanda. Pili, yaweza kukopa nje. Dola huingia na daftari huonekana jema kwa miaka michache, lakini riba na marejesho huandikwa upande wa pili kwa miaka mingi ifuatayo. Tatu, yaweza kuigeukia Benki Kuu ili itengeneze fedha mpya. Njia hii ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa kuwa haihitaji idhini ya mkopeshaji wala jasho la mlipa kodi. Nayo ndiyo huizidisha hati za bohari.

Benki Kuu nayo ina breki yake. Ikipandisha riba na kubana mikopo ya mabenki, wafanyabiashara huagiza bidhaa chache zaidi kutoka nje, na mwenye akiba huona faida ya kuiweka katika sarafu ya nchi yake. Riba ikiwa chini ya mfumuko wa bei, mambo hugeuka: anayeweka akiba hupata hasara, anayekopa hupata zawadi, na kila mwenye noti hukimbilia kununua bidhaa au dola. Lakini breki hiyo haina nguvu ikiwa Hazina imekanyaga mafuta.

Ndugu wasikilizaji, Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964 ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotazamiwa kuwa na neema kubwa katika Afrika. Shaba ilileta zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake ya nje, na mwaka 1969 migodi ilitoa zaidi ya tani 700,000. Serikali ya Rais Kenneth Kaunda ilijenga shule, hospitali na barabara ambazo ukoloni haukuzijenga. Aidha, nchi hiyo ilibeba mzigo wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mpaka wake na Rhodesia ulipofungwa mwaka 1973, mizigo ililazimika kuzunguka kwa njia ndefu na ghali. Na mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela. Hesabu yoyote inayosahau gharama hizo haitakuwa ya haki.

Mwezi Aprili 1974 bei ya shaba ilifika kilele. Kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa imeanguka hadi chini ya nusu, wakati huo huo bei ya mafuta ilikuwa imepaa. Mwaka 1974 migodi ilitoa zaidi ya nusu ya mapato ya serikali. Kufikia mwaka 1977 mapato hayo yalikuwa yamekauka. Hapo swali lililoikabili Zambia lilikuwa moja: je, anguko hili ni la kupita au la kudumu? Kama ni la kupita, ni busara kukopa na kuvuka salama. Kama ni la kudumu, kila mwaka wa kukopa huongeza machungu ya mwaka unaofuata.

Iliaminiwa kuwa ni la kupita. Matumizi hayakupunguzwa kwa kiasi kilichohitajika. Hazina iliendelea kutoa ruzuku ya unga na mbolea, ikakopa nje, na ilipokosa huko ikaenda Benki Kuu. Kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 20 mwaka 1976, na baadaye tena na tena, lakini kila mara bei za ndani ziliifukuza na kuipita. Leseni za kuagiza bidhaa zikawa adimu kama almasi. Migodi yenyewe, iliyokuwa chemchemi ya fedha za kigeni, ikakosa fedha za kigeni za kununulia vipuri, na uzalishaji ukapungua. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, deni la nje lilikuwa limepita dola bilioni 5, katika nchi yenye watu kiasi cha milioni 7.

Ndipo mwezi Oktoba 1985, kwa makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, Zambia ilipoanzisha mnada wa fedha za kigeni. Kila wiki Benki Kuu iliuza dola kwa wenye kutaka, na bei iliamuliwa na wanunuzi wenyewe. Kabla ya mnada, dola moja ilikuwa kiasi cha kwacha 2.20, katika mnada wa kwanza ilipita kwacha 5. Yapo mema yaliyopatikana. Viwanda vilivyokuwa vimelala kwa kukosa vipuri vilipata vipuri bila kubembeleza leseni, na wauzaji wa mazao mengine yasiyo shaba walianza kuona faida ya kuuza nje. Hata hivyo, dola iliendelea kupanda, na mwezi Aprili 1987 ilikuwa imefika kwacha 21.

Kwa nini mnada ulishindwa? Wapo waliosema kwamba ulishindwa kwa sababu kushusha thamani ya sarafu ni sumu. Wengine walidai kuwa Zambia ilikosa uvumilivu tu. Ukweli umo katika mfungamano wa mambo. Shaba haiongezeki kwa sababu kwacha imeshuka. Mgodi huhitaji miaka na mitaji. Bei ya shaba katika soko la dunia bado ilikuwa duni, na fedha za wafadhili zilizotegemewa kuulisha mnada zilichelewa. Hayo yalipunguza dola katika bohari.

Lakini hati nazo zilikuwa zikiongezeka. Madeni ya serikali yalikuwa ya dola. Kila kwacha iliposhuka, Hazina ilihitaji kwacha nyingi zaidi kulipa deni lile lile, na gharama ya ruzuku ya mbolea na unga ikapanda pamoja nayo. Kodi hazikuongezeka kwa kasi hiyo, hivyo Hazina ikaigeukia Benki Kuu. Kwacha mpya zikaingia mikononi mwa watu, nazo zikarudi katika mnada wa wiki iliyofuata kutafuta dola zile zile chache. Kwacha ikashuka tena, na gurudumu likazunguka upya. Mwaka 1986 mfumuko wa bei ulifika kiasi cha asilimia 50, wakati riba za mabenki zilikuwa chini sana ya kiwango hicho. Mnada ni mizani. Huonyesha uzito uliowekwa juu yake. Anayeikasirikia mizani hajaupunguza mzigo.

Ili kupunguza nakisi, Desemba 1986 serikali iliondoa ruzuku ya unga wa sembe na kuiacha ile ya dona. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa nzuri: wenye uwezo watalipa bei kamili, na maskini watapata unga wa bei nafuu. Lakini wenye vinu hawakuwa na hakika ya kulipwa ruzuku ya dona kwa wakati, wakaacha kuisaga. Maskini akakuta dukani sembe peke yake, kwa bei mpya. Ghasia zilizozuka ndizo zilizotajwa mwanzoni mwa mazungumzo haya. Serikali ikarejesha bei ya zamani na kuvitaifisha vinu. Nakisi ikarudi pale pale.

Tarehe 1 Mei 1987 Rais Kaunda alitangaza kuachana na masharti ya Shirika la Fedha. Kwacha ikafungwa kwenye 8 kwa dola moja, na malipo ya madeni yakawekewa ukomo wa asilimia 10 ya mapato halisi ya mauzo ya nje. Bahati njema bei ya shaba ikapanda kwa muda, na nchi ikapumua. Lakini hati ziliendelea kutolewa. Mwaka 1988 kwacha ilishushwa hadi 10, na mwaka 1989 hadi 16. Unga wa bei ya ruzuku ulivuka kwa magendo kwenda Zaire, ukawalisha watu ambao Hazina ya Zambia haikukusudia kuwalisha. Juni 1990 bei ya unga ilipandishwa tena maradufu. Ghasia zikazuka Lusaka na kuua watu zaidi ya 20. Siku chache baadaye Luteni Mwamba Luchembe aliingia katika kituo cha redio na kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Jaribio hilo lilizimwa kwa muda wa saa chache. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi wa vyama vingi wa Oktoba 31, Rais Kaunda alishindwa na Frederick Chiluba, akakabidhi madaraka kwa amani.

Dawa iliyoizuia kwacha kuporomoka ilianza kunywewa mwezi Januari 1993, nayo ilikuwa chungu. Serikali mpya ilijiwekea bajeti ya fedha taslimu: Hazina isitumie ila ilichokwisha kukusanya, na Benki Kuu isiikopeshe. Mfumuko wa bei, uliopita asilimia 150 mwaka huo, ulishuka chini ya asilimia 60 mwaka uliofuata. Sarafu ikatulia. Lakini zahanati zilikosa dawa, barabara zikakosa matengenezo, na malipo halali yakaahirishwa. Uwiano wa hesabu si sawa na ustawi wa watu. Ni sharti mojawapo la ustawi huo, na kadiri linavyocheleweshwa ndivyo linavyotozwa kwa ukali.

Njia ya pili ya kuziba nakisi, yaani mkopo wa nje, ilikuja kuijaribu Zambia baadaye. Baada ya sehemu kubwa ya madeni yake ya zamani kufutwa katika miaka ya 2005 na 2006, nchi hiyo iliuza hati za dhamana katika masoko ya nje: dola milioni 750 mwaka 2012, bilioni 1 mwaka 2014 na bilioni 1.25 mwaka 2015. Dola ziliingia, na daftari likapendeza. Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kushindwa kulipa deni katika kipindi cha ugonjwa wa korona. Agosti 2022 Shirika la Fedha liliidhinisha mkopo wa dola bilioni 1.3, na mazungumzo marefu na wadai yakafuata.

Isidhaniwe kwamba mambo haya ni ya Zambia peke yake. Mwaka 1986 Tanzania nayo ilishusha shilingi kutoka kiasi cha 17 hadi 40 kwa dola moja, baada ya miaka mingi ya maduka matupu na foleni. Nchini Kenya, baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazili mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa, na mwaka 1977 nchi ilikuwa na ziada. Lakini serikali na wananchi waliongeza matumizi kana kwamba bei hiyo ni ya milele, na iliposhuka, ziada ikageuka nakisi kubwa. Wakati huo huo kahawa ya Uganda ilivuka mpaka usiku kwenda Chepkube, upande wa Kenya, kwa sababu shilingi ya Uganda ilikuwa imepoteza thamani mikononi mwa mkulima ingawa kwenye vitabu vya serikali ilionekana nzima. Serikali ya Idi Amin iliweka doria na adhabu kali. Kahawa iliendelea kuvuka.

Hapo pana funzo kwa walinzi wa mipaka. Magendo yana wahalifu wake, nao hawana budi kukamatwa. Lakini bei ya kitu kimoja ikiwa mara tatu upande wa pili wa mto, kila mtumbwi unaokamatwa hufuatwa na kumi isiyoonekana, na kila askari wa doria hupimwa kwa rushwa kubwa kuliko mshahara wake. Serikali inayoacha tofauti hiyo idumu huwatwika askari wake mzigo ambao haukupaswa kuwa wao.

Kwa hakika hakuna nchi ndogo inayoweza kuamuru bei ya shaba wala ya kahawa. Inachoweza kuamua ni namna ya kuipokea: kuweka akiba bei inapokuwa njema, kupunguza matumizi mapema inapokuwa mbaya, kukopa kwa ajili ya kitu kitakachozalisha fedha ya kulipia mkopo wenyewe, na kuizuia Hazina isigeuze Benki Kuu kuwa kisima chake. Na inapolazimika kuondoa ruzuku, ihakikishe kwanza kwamba dona ipo dukani kabla bei ya sembe haijapanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa Desemba 1986 ulijengwa kwa maisha ya watu, huku askari wakisimama mbele ya raia wenzao waliokuwa wakidai chakula.